Ufa wa Safu ya Pili

Trendafilovo, 29 Machi 1993

Mume wangu Velko,

Natumaini hao madaktari wamekupa kitanda karibu na dirisha, maana wewe bila kuona nje unakuwa mkali kwa kila mtu. Kikohozi kikoje? Unakula? Usiniambie unakula kama hauli.

Habari ya hapa si nzuri sana. Jana tuliijaza boila ya kiwanda maji tukapandisha presha, kama unavyofanya wewe kila mwaka kabla ya msimu wa waridi. Ikatoa jasho. Kwenye bamba la nyuma, safu ya pili, kati ya bomba la tatu na la nne, kuna ufa mwembamba kama unywele. Nimeupitisha kidole mwenyewe. Gencho mwenyekiti akashika kichwa. Akasema wewe upo mlimani na mapafu yako, waridi halimsubiri mtu, na mvuke usipokuwepo hakuna mafuta ya waridi ya kuuza, na ushirika mzima utakula majani.

Basi ameleta fundi kutoka pwani, alikuwa akichomelea meli. Anaitwa Asparuh. Amekuja na mashine ya MIG, ile inayotema waya yenyewe na chupa ya gesi pembeni. Wanakijiji wanakwenda kuitazama kama sinema. Gencho hakuwa na mahali pa kumlaza, kwa hiyo nimempa chumba cha mwanetu Mitko mpaka kazi iishe. Mitko mwenyewe ameandika kutoka jeshini, anasema hajali.

Nimekufungia soksi za sufu. Uzivae, usizitazame tu.

Wako,
Tsona


Hospitali ya Mapafu, 4 Aprili

Tsona,

Soksi zimefika. Barua nayo imefika, na nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Nianze na boila. Mwambie Gencho, na umwambie kwa sauti: MIG isiguse bamba lile. Waya na gesi ni kazi ya chuma chembamba, kisafi, ndani ya karakana iliyofungwa milango. Bamba letu ni nene kama kidole, limekula moto miaka yote hiyo, na jengo la boila linapitisha upepo kama chekecheke. Upepo ukiipeperusha gesi, chuma kinaganda na matundu kama mkate. Hata usipovuma, waya ule hupenda kulala juu ya bamba bila kushikana nalo. Juu unaona mshono mzuri umejipanga kama msuko wa nywele, chini hakuna kitu. Kijiti cha kuchomelea, kile cha umeme ninachotumia mimi, kinachimba. Kijiti ni polepole, kina moshi, kina gamba la kubandua kwa nyundo, lakini kinashika. Boila si lango la bustani, Tsona. Ikiachia, inaua watu, na anayesimama mbele yake kila asubuhi ni wewe.

Sasa la pili. Ushirika una ofisi, una ghala, una nyumba ya mwalimu aliyehama. Kwa nini huyo mtu analala chumba cha Mitko? Ukuta wa chumba cha Mitko ni ukuta wa chumba chetu. Ana umri gani? Ana mke?

Mimi hapa natunzwa vizuri. Yupo muuguzi mmoja, Zdravka, ananiletea mtindi wa kondoo kutoka kwao, wagonjwa wengine hawaupati. Anasema nina macho ya mtu aliyefanya kazi ya maana.

Velko


Trendafilovo, 12 Aprili

Velko wangu,

Mwambie Zdravka asante, na mwambie macho yako ni mekundu kwa sababu ya moto wa kuchomelea, si kwa sababu ya maana.

Asparuh ana miaka thelathini na sita. Mke alimwacha akaenda na nahodha. Nyumba ya mwalimu haina paa upande wa jikoni, unajua hilo, uliapa utalitengeneza tangu mwaka juzi. Una swali lingine, bwana mpelelezi?

Ni mtu mpole. Anafanya kazi haraka mno. Mlango wa majivu ambao ulikuwa umefungwa na waya wa uzio ameushona kwa ile mashine kabla chai haijapoa. Bomba la moshi pia, lile lililokuwa linatoa masizi juu ya nguo za Bibi Rada kila akianika. Mshono wake unang'aa, hauhitaji hata nyundo. Nilisimama namtazama, nikasema ni kama cherehani. Akacheka, akasema mkewe alikuwa akisema hivyohivyo.

Ameazima vitu vyako kadhaa bandani. Nimemruhusu. Ukuta wako umesimama palepale.

Pasaka sitaweza kuja. Bila boila kwisha siwezi kuondoka. Najua utanuna. Nitakutumia mayai na mkate mtamu kwa dereva wa basi.

Tsona


Hospitali ya Mapafu, 21 Aprili

Tsona,

Mayai matatu yamevunjika njiani. Yaliyobaki nimeyagonganisha na ya mzee wa kitanda cha pili, ule mchezo wa Pasaka, akanishinda yote. Yeye mkewe alikuja. Binti zake walikuja. Walikaa kwenye kitanda changu kwa sababu changu hakikuwa na mtu.

Nani alipaka mayai rangi? Mkono wako naujua. Mawili yana michirizi ambayo si ya mkono wako.

Miaka ishirini na sita nimerudi nyumbani na nguo zilizotobolewa na cheche, hujawahi hata siku moja kusimama kunitazama nikifanya kazi. Ulikuwa unasema moshi unakuuma macho. Mtu wa MIG hana moshi, sasa macho hayaumi. Na vitu vyangu bandani, vipi? Koleo? Kofia ya kuchomelea? Hiyo kofia ina jasho langu ndani, Tsona. Mtu anavaa jasho langu, analala kwenye ukuta wangu, anasifiwa na mke wangu kwa ushonaji.

Kuhusu boila sitasema tena. Nimeonya, nimechekwa. Wapo watu ambao kazi yao ni kuonya, na hao hawachekwi.

Zdravka anakusalimu. Hapana, hakusalimu. Nimeandika tu.

Velko


Trendafilovo, 5 Mei

Velko,

Boila iko sawa, usiifikirie. Wote tuko wazima. Kesho ni sikukuu ya Mtakatifu Georgi, tutachinja mwanakondoo kama kawaida.

Michirizi ya mayai ni ya mjukuu wa Bibi Rada, ana miaka mitano.

Kula. Pumua kama wanavyokufundisha. Usitoke huko kabla daktari hajasema utoke. Nakuomba, hilo moja tu.

Tsona


Hospitali ya Mapafu, 19 Mei

Tsona,

Nimeihesabu barua yako, haijazi kiganja. Kabla ya hapo ulikuwa unaniandikia mpaka kuku aliyeruka uzio. Sasa mwanamke aliyezoea kunipigia kelele ananiomba. Unaniomba nikae huku. Kwa nini? Nani anafaidika nikikaa?

Waridi zimeshachanua huko. Siku kama hizi mikono yako inanuka waridi mpaka mkate unaokata unanuka. Hukuniandikia hata neno moja la harufu. Hukuniambia mafuta ya kwanza yametoka lini, wala nani aliwasha moto, wala kama presha ilipanda bila kulia. Unasema "iko sawa" kama mtu anayefunga mlango.

Nimemuuliza dereva wa basi. Kijana muongo yule, alitazama viatu vyake. Akasema, "Mjomba Velko, mimi naendesha tu."

Sasa niambie ukweli. Kama huyo Asparuh amekuwa mwenye nyumba, sema. Mimi ni mtu wa moto, siogopi kuungua. Ninachoogopa ni kubaki hapa nikipuliza puto kila asubuhi mbele ya daktari kama mtoto, wakati kijiji kizima kinajua na mimi sijui. Usipojibu, nitajua jibu.

Velko


Trendafilovo, 2 Juni

Fundi Velko, mheshimiwa,

Hatujaonana. Mimi ni Asparuh, niliyekuja kwenye boila. Dada Tsona hajui kwamba nakuandikia, na akijua atanitupia sufuria. Lakini Gencho ananong'ona, dereva wa basi ananong'ona, na mimi nimechoka kuwa mtu anayenong'onwa. Nitakueleza yote tangu mwanzo.

Ufa ule sikuugusa kwa MIG hata sekunde moja. Nilipoingia ndani ya lile jengo na kuona kibiriti kinazimika mkononi, nilijua gesi haitakaa. Kwenye meli, ndani ya karakana, kwa bamba jipya, nakushonea chochote kwa waya na mshono wangu haukatiki. Hapa hapana. MIG nilitumia mlangoni na kwenye bomba la moshi. Ufa niliutoboa ncha zote mbili usitembee, nikauchimba mpaka chuma kizuri, nikapasha bamba moto, nikachomelea kwa vijiti. Vitu nilivyoazima bandani kwako ni vijiti vyako na lile tanuri dogo ulilojitengenezea la kuvikaushia. Sikuwahi kuona tanuri zuri vile. Kofia nina yangu.

Tulikuwa karibu kuwasha moto. Mwishoni mwa Aprili akaja mkaguzi wa boila kutoka mjini, mama mmoja mkali lakini wa haki. Alisema wamepokea malalamiko yasiyo na jina, kwamba boila ya Trendafilovo inachomelewa kwa MIG kinyume cha taratibu. Akaingia, akatazama, akagonga, akapaka dawa yake ya kutafuta nyufa. Akasema, "Hiki ni kijiti, na ni kazi safi." Tukashangilia. Halafu akaomba cheti changu. Cheti changu ni cha waya, mabamba ya meli. Cha kijiti kwenye chombo cha presha sina. Akasema samahani, kazi safi ya mtu asiye na cheti hawezi kuipitisha, aje mwenye cheti aichimbe na kuichomelea upya. Wenye vyeti wa mjini wote wamekwishachukuliwa na viwanda vingine mpaka msimu upite. Anayebaki ni mmoja. Wewe.

Gencho alisema papo hapo analeta gari akuchukue huko mlimani, siku moja tu, unachomelea, unarudishwa. Dada Tsona akasimama mlangoni. Alisema hivi, nakumbuka kila neno: "Kule ndani ya boila hakuna hewa hata kwa mtu mwenye mapafu mawili mazima. Atakayemwambia Velko habari hii, mimi si mtu wake tena. Msimu huu ufe." Gencho akamwambia, "Tsona, ni mkate wa kijiji!" Akamjibu, "Nami nakula kwenye kijiji hichohicho, nitakonda nanyi."

Tangu siku hiyo waridi letu linapakiwa kwenye trekta kwenda kwa majirani, ng'ambo ya mto. Linafika limechemka kwenye magunia. Wanawake wanachuma alfajiri wakilia kwa hasira, na wengine hawamsalimu Dada Tsona. Naye anachuma pamoja nao, mstari uleule.

Na kama ni la chumba: tangu Pasaka nalala kiwandani, juu ya magunia. Aliniambia, "Hama, kijana, mume wangu anaumia, na maumivu hayaendi na kikohozi." Nikahama.

Naandika pia kwa shida yangu. Msimu wa vuli kuna mtihani wa cheti cha kijiti. Sina mtu wa kunifundisha hilo bamba. Kama moyo wako utaruhusu.

Kwa heshima,
Asparuh


Hospitali ya Mapafu, 7 Juni

Tsona,

Ni mimi. Yale malalamiko niliyaandika mimi, siku mbili baada ya Pasaka, kwenye meza ya chumba cha kulia, mzee wa kitanda cha pili akinikopesha kalamu. Sikuweka jina. Nilijiambia naogopa bamba likuachie usoni. Nilikuwa naogopa, hilo ni kweli. Lakini nilipokuwa nafunga bahasha nilikuwa nacheka peke yangu, na mtu anayeogopa hacheki vile. Nilimwona huyo mtu akifukuzwa, akifungasha mashine yake, nikafurahi.

Nimewakosesha watu wote msimu wao kwa sababu ya michirizi kwenye yai.

Nakuja. Nimeomba nguo zangu. Daktari amekataa, lakini mlango hauna kufuli. Nitaingia kwenye ile boila, nitaichomelea, waridi la mwisho lipone. Halafu unifanye utakavyo.

Velko


Trendafilovo, 11 Juni

Velko,

Barua hii nimempa dereva aikimbize. Kama imekukuta umevaa viatu, vua.

Waridi limekwisha. Maua ya mwisho tulichuma jana kwenye kilima cha kanisa, kapu halikujaa. Hakuna cha kupona. Ukija sasa utakuwa umekuja kufa kwa ajili ya chuma kilichopoa, na mimi sitalia, nakwambia kabisa. Nitakuzika na kofia yako ya jasho.

Nilijua ni wewe. Mkaguzi alipokuwa anaondoka alisema, "Aliyetuandikia anajua mpaka safu na namba ya bomba." Safu na namba ya bomba nilimwandikia mtu mmoja duniani. Nilisimama pale na ndoo mkononi, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Si kwa sababu ya wivu wako, huo nimeishi nao, ulikuwa unamwonea wivu hata daktari wa meno. Aibu ni kwamba ulifanya kimyakimya. Wewe ambaye hukasirika mpaka vikombe vinatetemeka, ukaandika bila jina.

Ndiyo maana barua zangu zilikuwa fupi. Ukisoma ulidhani nimeshapata mwingine. Nilikuwa nikishika kalamu nataka kukutukana, nakumbuka mapafu yako, naandika "kula".

Na wewe usijidhani peke yako ndiye mwenye jino hilo la wivu. Huyo Zdravka wako na mtindi wake wa kondoo nimemchukia tangu Aprili. Usiku nilimpangia sura. Nilimpa nywele ndefu na meno mazuri. Nikachuma waridi na jina lake mdomoni kama mwiba. Tofauti yangu na yako ni kwamba mimi sikumwandikia mganga mkuu.

Sasa sikiliza, sitarudia. Daktari wako aliniandikia. Anasema utapona vya kutosha kutembea, kulima bustani, kugombana. Kuchomelea ndani ya boila, hapana, si mwaka huu wala mwakani. Nilijua tangu Machi, nikakuficha. Hilo nisamehe au usinisamehe. Boila inahitaji mtu mwenye cheti kabla ya msimu ujao wa waridi, na kijijini hakuna anayeweza kumfundisha Asparuh bamba lile isipokuwa wewe. Utakaa kwenye kiti nje ya mlango, mbali na moshi, yeye ndani na kijiti, na wewe utapiga kelele. Ukiweza kuvumilia hilo, njoo Agosti ukiruhusiwa. Ukishindwa, mtindi upo hukohuko.

Kwa wanakijiji utasema mwenyewe. Mimi sitasema kwa niaba yako.

Tsona


Hospitali ya Mapafu, 18 Juni

Asparuh,

Barua yako niliipata. Sikujibu mapema kwa sababu nilianza mara nyingi na kila mara ikawa matusi, na wewe hukustahili.

Mimi ndiye niliyekuripoti. Gencho nimemwandikia leo na jina langu chini, na nimemwambia aisome mbele ya wote Jumapili, watu wakitoka kanisani. Nikirudi mtu yeyote anayetaka kunitemea mate anajua nyumba.

Sasa kazi. Vijiti vitoe kwenye tanuri kimoja kimoja, usivibebe mkononi kama maua. Kikilala nje mpaka kikapoa, kirudishe, usikitumie. Ukishapata cheti, ule ufa uuchimbe tena mpaka mwisho, hata kama roho inakuuma, maana ni kazi yako nzuri unaiharibu, najua inavyouma. Bamba lile likishapata moto linavuta kuelekea bomba la nne, kwa hiyo ruka, shona kidogo hapa, kidogo kule, uache lipumue. Usipeperushe kijiti. Arki, ule mwale wa umeme kwenye ncha, iwe fupi mpaka uone kama inazama. Gamba ubandue lote kabla ya mstari wa pili, usiseme litayeyuka lenyewe. Haliyeyuki. Mkono wako wa kushoto uegemeze kwenye fremu ya mlango, hapo utakuta chuma kimelainika. Ni mimi nilikilainisha.

Jizoeze kwenye vipande vya bamba kuukuu nyuma ya ghala. Ukikata kipande katikati ukaona mstari mweusi ndani, anza upya. Nikija Agosti nitataka kuviona vyote, vibaya na vizuri.

MIG yako usiiuze. Nyumba ya mwalimu inahitaji paa upande wa jikoni, na mabati yale ni membamba, yanaifaa. Ukishalitengeneza, hamia humo. Magunia yanaua mgongo.

Kuna jambo lingine. Mke wangu siku hizi anachuma na watu wasiomsalimu, nawe uko karibu, na una moyo mzuri. Ukimwona ameinama anabeba kapu zito, mbebee kapu. Ukimwona amekaa kimya anatazama barabara ya basi, pita, usimuulize kitu. Huyo niachie mimi.

Velko